Tela la Kumpeleka Kobe Kitangari

Baba yangu, Mahmudu Sadallah, alirejea kwa Mola wake mwezi wa Rajabu mwaka huu. Watu waliokuja kutupa pole walimsifu kwa mengi, lakini kila mazungumzo yalipochangamka, maana hata matangani watu hucheka, habari ya tela ilirudi. Wengine waliisimulia vibaya. Mimi nilikuwepo, kwa hiyo naiandika ilivyokuwa, ili wajukuu zake wamjue.

Baba alikuwa fundi magari mjini Masasi. Nyuma ya gereji yake kulikuwa na chombo alichokiunda mwenyewe kutokana na Land Rover kuukuu. Aliikata paa, akaiinua juu, akaifunga matairi ya trekta nyuma na tanki la maji mgongoni. Ilitambaa polepole, lakini hapakuwa na korongo wala mchanga wa kuishinda. Watu wakaipa jina la Kobe. Kobe hakuwa na taa, hakuwa na milango, hakuwa na namba. Shambani alikuwa mfalme, ila barabara ya lami hakuruhusiwa kuikanyaga.

Mama yangu, Faidha, ni mzaliwa wa Kitangari, huko juu wilaya ya Newala. Mama yake, Bibi Faudhia, alianguka akavunjika nyonga, na Mama akataka kwenda kukaa naye. Kikwazo kilikuwa maji. Mama alibeba ndoo kutoka bondeni tangu utoto wake mpaka uti wa mgongo ukaharibika, na daktari alimkataza kabisa kubeba kitu kichwani. Alikuwa halali kwa mawazo. Akienda, atabeba. Asipoenda, mama yake atalala na kiu.

Baba akamwambia, akimwita kwa jina langu kama kawaida yake, "Mama Yasmini, nenda kwa mama yako. Ndoo hutabeba. Maji nitayaleta mimi."

Alikuwa na maana ya Kobe. Ila kwanza Kobe ilibidi afike Kitangari, na njia ilikuwa moja tu: kumpandisha juu ya tela, na tela livutwe na gari lenye nguvu mpaka juu ya mlima.

Hapo ndipo Baba alipoanza kuchagua. Wallahi alichagua! Kila aliposikia fulani ana tela, alikwenda kulitazama. Alilipanda akalirukia, akapiga matairi teke, akaingia uvunguni. Ijumaa moja alitoka msikitini moja kwa moja akalala chini ya tela la kubebea mabomba, na kanzu yake ikarudi nyumbani na ramani ya grisi mgongoni. Mama aliitazama tu ile kanzu, akaguna.

Mjomba Fikirini, mdogo wake Mama, alikuwa na trekta na tela la kubebea magunia ya korosho. Alitaka kazi hiyo aifanye yeye.

"Shemeji," alimwambia Baba, "hivi unatafuta tela au unatafuta mchumba?"

"Mchumba ningeshapata zamani. Tela lako halina breki, Fikirini."

"Breki za nini? Tunakwenda kupanda mlima."

"Kabla ya mlima kuna mabonde. Trekta likisimama na Kobe akakataa kusimama, nani atakuwa katikati yao?"

"Mimi."

"Na nitamweleza nini dada yako?"

Mjomba alinuna siku nzima, kisha akasahau, ndivyo alivyo. Mwishowe Baba alipata tela aliloridhika nalo. Lilikuwa fupi, la chuma kizito, lina matairi mawili kila upande na breki zake lenyewe. La kulivuta alichagua Land Cruiser ya rafiki yake Erasto. Wengine walimshauri achukue pikapu mpya inayokimbia. Alikataa, akasema anataka gari zito, lisiloburutwa na mzigo wake. Erasto alikuwa Mkristo mpole, akiendesha gari huku akiimba nyimbo za kwao kwa sauti ya chini, na Baba alipenda hilo pia. Alisema mtu anayeimba hana haraka.

Asubuhi ya safari walirudisha tela kinyumenyume mpaka kwenye ukingo wa udongo uliolingana nalo kwa kimo, nyuma ya gereji, Kobe akapita juu yake kama anavuka daraja. Baba alimsogeza mbele, akamfunga minyororo, akatikisa kila mnyororo kwa mkono wake. Nilimwona akitabasamu peke yake.

Ndipo ndugu walipoanza kufika.

Kwetu mtu haendi ukweni mikono mitupu, na zaidi anapokwenda kuuguza. Shangazi Sophia, dada yake Baba, alikuja na kinu cha mpingo ambacho watu wawili walikibeba kwa shida. Akafuata gunia la mchele, gunia la mbaazi, godoro, mikeka, jiwe la kusagia, kuku wawili ndani ya tenga. Jirani mmoja alileta magunia ya saruji ya kumkarabatia Bibi sakafu. Baba hakumkatalia hata mmoja. Alisema "Mungu akulipe" kila mara, na kila mzigo ukawekwa kwenye nafasi iliyobaki, nayo ilikuwa nyuma kabisa, kwenye mkia wa tela.

Tukasoma dua, tukaondoka. Mbele alikaa Erasto na Baba. Nyuma tulikaa Mama, Mjomba na mimi. Ile milima ya mawe ya Masasi ilikuwa imeshabaki nyuma tulipofika kwenye mteremko mrefu, na hapo gari likaanza kutikiswa. Nikageuka. Tela lilikuwa linayumba, kulia, kushoto, na kila mara linazidi. Erasto akaacha kuimba.

"Usishike breki!" Baba alisema. "Toa mguu kwenye mafuta. Polepole, Erasto. Polepole."

Mjomba alikuwa anasoma Ayatul Kursi kwa sauti. Gari likapungua mwendo, tela likatulia, tukasimama kando ya barabara mbele ya nyumba moja yenye mikorosho. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi.

Baba alishuka, akazunguka nyuma, akatazama. Mkia wa tela ulikuwa umekaa chini, pua yake imeinua matako ya gari. Akakaa kwenye jiwe.

"Turudi Masasi," alisema. "Tutakuja siku nyingine."

Nilimtazama Mama. Alikuwa ameshika kiuno kama afanyavyo mgongo unapomuuma.

"Mama yangu ananitarajia leo," alisema. "Mimi leo nitafika, hata kwa basi. Na jioni watu wa pale watakuwa na kiu. Unajua nitafanya nini."

"Najua. Ndiyo maana sitaki kukuua njiani."

"Kinachotuyumbisha ni nini? Gari?"

"Gari zima."

"Tela?"

"Tela zima. Ni mizigo ya nyuma, Mama Yasmini."

"Si iondoke nyuma?"

Baba akasema kwa sauti ndogo, "Nani atamwambia dada Sophia kwamba kinu chake tumekiacha barabarani?"

Mjomba Fikirini aliangua kicheko hadi akashika mti asianguke. "Jamani! Mtu haogopi mlima, anaogopa kinu!"

"Wewe humjui Sophia," Baba akasema, naye akaanza kucheka.

"Nitamwambia mimi," alisema Mama. Akatoa simu palepale, akaiweka sauti ya juu, sote tukasikia.

"Wifi, shikamoo. Kinu chako kimetulemea. Tunakiacha kwa watu, tutakipitia."

Shangazi akajibu: "Marahaba. Mwezi mzima Mahmudu anachagua tela, kumbe amechagua la kubebea mikeka?"

"Ndiyo hilo hilo, wifi."

"Haya. Kiacheni. Lakini kisinyeshewe!"

Mwenye nyumba, mama mmoja aitwaye Oliva, alitoka kuona kuna nini. Baada ya salamu alikubali kuhifadhi kinu, jiwe la kusagia na saruji barazani kwake, na akatuletea mihogo ya kuchemsha. Mchele na mbaazi tulihamishia ndani ya gari, mahali alipokuwa amekaa Mjomba. Godoro tulilifunga mbele, kwenye pua ya tela. Baba alizunguka tena, akachuchumaa, akapima kwa macho, akasema, "Sasa."

"Na mimi?" Mjomba aliuliza.

"Wewe na kuku mtatangulia na bodaboda."

Mjomba akapita mbele yetu akiwa amekumbatia tenga, kanzu inapepea, kuku wanapiga kelele. Erasto alicheka mpaka machozi, ndipo akarejea kuimba. Tulipoanza kupanda, tela lilitufuata kwa utulivu, na kwenye kona za mlima Baba alisogeza tasbihi kwa vidole. Tulifika Newala mchana, na alasiri tukawa Kitangari.

Kulipopambazuka Baba alimshusha Kobe kwenye ukingo wa barabara, akateremka naye bondeni kwa njia ambayo hata baiskeli husukumwa. Mama alikuwa ameketi kitandani kwa Bibi, anamkanda mguu, sikio liko nje. Tulisikia mngurumo unapanda taratibu. Mama alitaka kuinuka. Bibi akamshika mkono.

"Nani aliyekwenda kuteka maji?" aliuliza kwa Kimakonde.

"Mkwe wako."

"Mwanaume?"

"Mwanaume, mama."

Bibi alicheka bila meno. Kisha akaomba maji ya udhu, na Mama akammiminia kutoka kwenye birika lililojaa, bila kuhesabu matone. Siku hiyo hakubeba ndoo. Wala kesho yake. Baba aliufunga ukurasa wa Masasi, akafungua kibanda cha ufundi Kitangari, na kila alfajiri baada ya swala alikwenda bondeni, mpaka figo zilipomlaza. Bibi alitangulia mbele ya haki kabla yake, akiwa msafi na aliyetunzwa.

Sasa Mama yuko eda. Kobe anaendeshwa na Mjomba Fikirini, ambaye hupiga kelele langoni kwa sababu honi haipo. Wiki ya kwanza alijaza mapipa yetu yote, akataka kuzima mashine. Mama alimwambia kupitia dirisha, "Usizime. Wapelekee na majirani kabla jua halijapanda, na usimdai mtu. Kila atakayekunywa amwombee Baba Yasmini."

Ndivyo anavyofanya mpaka leo. Mimi husimama mlangoni nikiwatazama watu wakikinga ndoo zao na kulitaja jina la baba yangu, na huzuni yangu hupata mahali pa kukaa. Ewe Mola, mnyweshe naye huko aliko.