Vichupa Vitatu vya Daktari

Ndugu yangu alipoteza pua baada ya homa. Pua yenyewe ipo, tena nzuri kuliko yangu, ila haisikii harufu. Na kazi yake wakati huo ilikuwa kuwanusisha watalii majani katika mashamba ya Kizimbani: hili mdalasini, hili mchaichai, fikicha, nusa. Kwa muda alijikokota kwa kuyajua majani kwa sura. Siku mgeni alipompa vikopo vya unga wa viungo akakosea vyote, watu wakacheka, naye akaacha kazi.

Kwa hiyo ilipokuja ile kampuni, nyumba nzima tulikaa roho mkononi. Ilikuwa ikitengeneza gesi kutokana na makaa ya mawe, huko Bara, kusini, na ilitaka watu wa mitambo. Ndugu yangu alisomea ufundi kabla utalii haujamteka. Usaili ukafanywa hapa mjini, ofisini kwao ghorofani, mtaa wa Malindi, na mkalimani wao nikawa mimi. Sikuwaambia kuwa mmoja wa waombaji ni mdogo wangu. Hawakuniuliza.

Daktari wao alikuwa mgeni asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji. Mbele yake palikuwa na vichupa vitatu vyenye pamba ndani. Mwombaji anafumba macho, ananusa, anataja alichokisikia. Nilikuwa nimeshawafasiria watu kadhaa, na mpangilio haukubadilika: karafuu, mafuta ya taa, na cha mwisho hakina kitu.

Ikafika zamu ya ndugu yangu. Daktari akaniambia nimuulize anasikia harufu gani.

"Anauliza," nikasema kwa sauti yangu ya kazini, "hiyo karafuu unaisikia?"

"Naam. Karafuu."

Nikafasiri. Cha pili nikafanya vilevile. Cha tatu nikamuuliza kama anasikia kuwa ni kitupu, na yeye, mjanja yule, akanusa, akakunja uso, akanusa tena, akasema polepole, "Hiki mbona sisikii kitu?" Daktari akatabasamu, akaandika.

Akaenda. Mama alimsomea dua, mkewe akalia kwa furaha, na mimi nilijiona mtu wa maana kwa muda wa mwezi mzima. Kisha kampuni ikanipa kitabu cha usalama nikitafsiri nyumbani kwangu, Bububu.

Makaa hupikwa ndani ya tanuri kwa mvuke na oksijeni mpaka yatoe gesi, na gesi hiyo husafishwa kabla ya kugeuzwa ile ya kupikia majikoni. Kabla haijasafishwa ina sumu. Kuna sumu isiyokuwa na harufu kabisa, na kuna nyingine inayonuka yai viza. "Ukisikia harufu ya yai viza, toka." Sentensi ya maneno sita ilinila asubuhi nzima.

Tangu hapo nikawa mtumwa wa simu. Kila adhuhuri nampigia.

"Kidude umekivaa?" Kila mfanyakazi alivaa kifuani kifaa kidogo kinachopiga kelele gesi ikivuja.

"Nimekivaa, dada. Kinalia kuliko mwanangu."

Asipopokea, namwona kalala chini kwenye sakafu ya chuma. Niliunguza wali, nikamfokea muuza samaki asiye na kosa, na watoto wangu wakaanza kupita mbali nami.

Siku moja akanisimulia kitu huku anacheka. "Juzi wenzangu wote wametoka mbio wanasema kunanuka. Mie nipo tu, nnakaza nati zangu. Kidude nshakipeleka kwenye chaji. Mmoja akarudi kunivuta shati."

"Na wewe unacheka?"

"Sasa nilie?"

Nikakata simu bila kuaga. Asubuhi yake nikapanda zile ngazi za Malindi, nikamweleza daktari yote kwa lugha yake, kichupa kwa kichupa. Alinitaka nirudie, na nilirudia. Akasema ndugu yangu ataondolewa mitamboni siku hiyo hiyo, na mimi nisikanyage tena pale. Nililia uchochoroni mbele za watu. Nilikuwa na haya, lakini zaidi nilikuwa nimepumua.

Kazi nyingine hawakuwa nayo ya kumpa. Aliporudi, alipita kwangu kabla hajafika kwake, begi begani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Karibu ukae."

Hakukaa. Nikaanza kujieleza: kitabu, yai viza, simu asizopokea, usingizi nilioupoteza. Akaniacha nimalize.

"Kwa kunisemea sina neno na wewe," akasema. "Nataka kujua kimoja tu. Siku ile ya vichupa, ulijua pua ni ya kazi gani kule? Maana mie sikujua. Nilidhani wanapima tu, kama wanavyopima macho."

Ningeweza kujificha nyuma ya kile kitabu, kwa kuwa kilikuja mwezi mmoja baadaye. Lakini asubuhi ile ya usaili, kabla mtu wa kwanza hajaingia, daktari alinikalisha akanieleza kwa nini anawanusisha watu, ili nifasiri vizuri. Alinieleza kuhusu sumu, na yai viza, na watu waliochelewa kutoka.

"Nilijua," nikamwambia.

Akaitika kwa kichwa, akaliweka sawa begi lake, akaenda kwa wanawe.