Chupa ya Msagaji

Msagaji wetu wa nafaka hapa Mollo huja kazini na chupa ya chai, ila hakuna aliyewahi kumwona akinywa. Ndani mna maji ya moto ya kumwagia injini. Ukimuuliza, hujibu bila kugeuka: “Ya petroli huwashwa na cheche ya plagi. Hii ya dizeli hubana hewa mpaka ichemke, ndipo mafuta yawake. Chuma kikiwa baridi, hunyonya joto lote.”

Asubuhi moja ya Julai, bibi mmoja alishindwa kufungua gunia lake la ulezi, vidole vimekufa ganzi kwa baridi.

“Shikamoo, bibi. Lete mikono.”

Msagaji akayapooza maji ya chupa kidogo, akammwagia yote mikononi.

“Marahaba. Na mashine je?”

Yeye alishika hendeli ya kuwashia injini, akazungusha, akazungusha. Injini iliponguruma, mgongo wake ulikuwa unafuka mvuke.