Plagi Nyeusi ya Masara

Miaka ya tisini, injini ikikataa kuwaka popote kutoka Uriri mpaka Magunga, huku kwetu Migori, watu walinitaja mimi. Shule niliacha darasa la nne, lakini nyumba ya mabati niliijenga kwa spana, na hakuna aliyenisaidia.

Ndiyo maana ile pampu ya petroli ya Masara ilininyima usingizi. Ilikuwa ya shimo la dhahabu alimofanya kazi shemeji yangu, mdogo wa mke wangu. Pampu ikiwa juu haiwezi kuvuta maji yaliyo chini sana, kwa hivyo waliishusha kwa kamba mpaka kwenye ukingo waliochonga karibu na maji. Inanguruma kidogo, inazima. Wanaipandisha, wananiita. Nabadilisha plagi, nasafisha kabureta, inawaka mara moja. Ikirudi chini, inazima tena.

"Yawa, huyu ni fundi wa juu tu!" wachimbaji wakanicheka.

Mwenye shimo akasema ni mizimu ya dhahabu. Wakachinja jogoo mweupe, damu wakaimwaga mdomoni mwa shimo. Pampu ikazima vilevile.

Mimi sishindwi na chuma. Nikaketi kwenye udongo na plagi mkononi. Nyeusi, imejaa masizi. Kwa nini? Petroli haiungui vizuri. Kwa nini haiungui? Haipati hewa. Na mbona huku juu inapata? Basi ugonjwa hauko kwenye injini hata kidogo, uko mle shimoni: inavuta moshi wake yenyewe!

Nilikuwa karibu kupiga kelele kwa furaha, kichwa hiki jamani, ndipo wakamvuta shemeji kutoka chini. Alikuwa ameshika kichwa. Akatapika kando ya viatu vyangu.

"Ni jua la jana," akasema. "Siku hizi nikishuka tu, kinaniuma hivi."

Furaha yote ikaniisha. Moshi uliozima injini ndio huo waliokuwa wakiupumua.

Nikatia plagi mfukoni. "Hii mashine haishuki tena. Inaua. Tekeni maji kwa ndoo."

"Kwa ndoo tutamaliza lini?" mwenye shimo akafoka. "Kazi imekushinda, sema tu imekushinda."

Nikawaeleza habari ya moshi, mara ya kwanza polepole, mara ya pili kwa hasira. Wakatazamana. Mmoja akatumwa Migori mjini kununua plagi nyingine.

"Shem, usinivunjie riziki," shemeji akaninong'oneza. "Dada yangu unamlisha wewe. Watoto wangu watalishwa na nani?"

Nikamkamata mkono mbele ya watu wote, nikamburuta mpaka barabarani. Mimi nina nguvu, hakuweza kunitoka. Alinitukana matusi ambayo shemeji hamtukani shemeji. Nyuma yetu wenzake walikuwa wanakaza upya kamba za pampu, wakicheka kwamba fundi amekimbia.