Mbwa Aliyekusanya Viatu vya Darsa

Sijui ni nani aliyewadanganya watu kwamba mbwa akila akashiba, basi, yamekwisha. Mbwa wangu alikuwa akila vizuri kuliko mimi, na bado alinitia wazimu. Nilimleta kutoka kwa kakangu Kaloleni baada ya kitinda mimba wangu kupata kazi bara na kuniacha peke yangu, katika nyumba ya kupanga huku Mishomoroni. Akachimba mashimo uani. Akatafuna kamba ya kuanikia nguo. Mimi ni mshonaji, akanipasulia gauni la mteja ambalo halijavaliwa hata mara moja. Majirani wakasema ana mashetani. Mashetani gani? Mbwa alikuwa amechoka kukaa bure.

Hilo nililijua kwa sababu ya marehemu babu. Mbwa wake walikuwa wa kuwinda, na sikumbuki hata mmoja akitafuna kitu cha mtu. Walinusa, walitafuta, wakirudi walilala fofofo. Nikasema, huyu wangu naye apewe kazi. Lakini Mishomoroni utawinda nini, panya? Basi nikachukua vifuu vya nazi, nikavifudikiza uani, na chini ya kimoja nikaficha dagaa. Siku ya kwanza alivirusha vyote kama mwehu. Alipozoea, akawa ananusa polepole, kifuu kwa kifuu, uso umemkunjamana kama mtoto anayefanya hesabu. Akimaliza, anakuja kulala kando ya cherehani yangu, kimya. Kichwa kikifanya kazi, mwili hutulia. Hata mimi niko hivyo.

Ningeishia hapo, mambo yangekuwa shwari. Lakini nilinogewa, nikamfundisha kuniletea ndara. Naficha ndara moja nyuma ya ndoo, namwambia "leta", anakuja nayo mdomoni, anapata kipande cha muhogo. Nikajiona mwalimu kweli kweli. Sikukumbuka kabisa naishi wapi. Kwetu hapa viatu hukaa mlangoni, na mwenye nyumba wangu, mama wa Kiswahili wa ukoo wa zamani, kila Alhamisi alasiri huwa na darsa ya dini ya wanawake sebuleni kwake, mlango wake ukitazamana na wangu.

Alhamisi moja nilikuwa nyuma ya nyumba naanika nguo. Kurudi, nakuta rundo la viatu juu ya mkeka wangu: ndara, makubadhi, viatu vya kisigino, vyote vimelowa mate. Mbwa amekaa kando, anatikisa mkia, anasubiri muhogo. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kufanya, na alikuwa na furaha isiyo kifani. Ng'ambo ya ua wanawake walikuwa wamesimama mlangoni, miguu mitupu. Mmoja alicheka, na wenzake wakamtazama mpaka akanyamaza.

Mate ya mbwa kwa Waislamu ni najisi, hayaondoki kwa kupangusa na kitambaa. Nikamuuliza mwenye nyumba vioshwe vipi, naye akasimama karibu yangu akinielekeza: maji, udongo, halafu maji tena na tena. Nilichutama pale mpaka magoti yakaniuma. Nilipomaliza kiatu cha mwisho, akanigeukia.

"Mwanangu, nimekuvumilia," akasema. "Mwezi wa Ramadhani ukiandama, mbwa huyu asiwe hapa."

"Sawa, mama," nikajibu.

Niliingia ndani nikalia. Ningemrudisha Kaloleni, kakangu angemfunga mnyororo kwenye mnazi usiku na mchana, na akili ile yote ingeishia kuzunguka mti. Nami ningebaki na cherehani na ukuta. Watu watasema, ah, mbwa tu. Na waseme. Yeye ndiye niliyekuwa nikimwambia "umeamkaje" kila asubuhi, na hakuna mwingine.

Nilipokwisha kulia nikakasirika, na mimi nikikasirika ndipo kazi huenda. Ramadhani haikuwa mbali. Kumsahaulisha viatu nisingeweza, aliyefundika kafundika. Nilichoweza ni kumpa kazi nyingine badala ya ile: akiona viatu mlangoni, ajilaze juu ya gunia lake, hapo ndipo muhogo utakapomfuata. Nikaweka ndara zangu mlangoni. Akaniletea. Sikumpiga wala sikumpa kitu, nikazirudisha. Akaleta tena, akinitazama kana kwamba mimi ndiye mgumu wa kuelewa. Mwishowe, nadhani kwa kuchoka tu, akajitupa guniani, na muhogo ukamfikia hapo hapo. Masikio yakamsimama. Wallahi, na mimi ni mtu wa kanisani, lakini viapo vya majirani vimeniingia, ningeweza kumbusu.

Ndara zangu akaziacha. Kiatu cha mgeni, chenye harufu asiyoijua, ndicho kilichomshinda, na nani angeniazima kiatu chake baada ya mambo yale? Nilikuwa nikimlalamikia mbwa mwenyewe, kwa sauti, na kuta za uani zina masikio. Asubuhi moja nikakuta makubadhi makuukuu kwenye kizingiti changu. Mwenye nyumba alikuwa barazani kwake akichagua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hayo yamekatika kanda. Mfundishie hayo, na usinirudishie."

Hakuinua uso. Mimi nilirudi ndani nikiwa sijui nicheke au nilie, na siku hiyo mbwa hakupumzika wala mimi sikupumzika.

Alhamisi ya mwisho kabla ya Ramadhani, darsa ilifurika. Viatu vilijaa mlangoni mpaka vikapandana. Sikumfunga mbwa, ningemfunga, kamba ndiyo ingekuwa imefaulu, si yeye. Nikakaa kwenye cherehani nikijifanya nashona, na kitambaa sikuwa nimeweka. Akainuka. Akavuka ua, pua mbele, akanusa kiatu hiki, akanusa kile. Roho ilikuwa juu juu, lakini sikumwita. Alisimama pale mkia umeganda. Kisha akageuka, akarudi, akajilaza juu ya gunia na kunitazama. Nilimpa muhogo wote uliobaki.

Nilipoinua macho nikaona pazia la sebuleni limefunuliwa upande mmoja. Darsa ilipokwisha, wanawake wakavaa viatu vyao, vikavu, wakaenda zao. Mwenye nyumba akavuka ua. Akasimama mbali kidogo na gunia, leso aliyojitanda ameikusanya mkononi isije ikaguswa, akamtazama mbwa.

"Kufuturu sisi hupika samaki," akasema. "Vichwa nitakutengea. Ila uvifuate mwenyewe, usimtume yeye."