Mashahidi Wawili wa Mzee Taib

Kama hukuwahi kufokewa na Mzee Taib, basi hukufanya kazi kwenye gazeti letu. Mimi nilikuwa mpanga kurasa tu, mtu wa kukata picha na kuminya vichwa vya habari, lakini hakuniacha. Siku moja niliandika chini ya picha kwamba mashabiki walifurika ukumbini. Akaja na karatasi mkononi. "Namalwa, uliwahesabu? Au wewe ndiwe ulofurika?" Ofisi nzima ilicheka. Nilimchukia kwa wiki moja, kisha nikampenda kama wengine wote.

Gazeti lenyewe lilikuwa dogo, la kila Jumamosi, na ofisi ilikuwa ghorofani nyuma ya Biashara Street. Taib alikuwa mhariri wake, Mswahili wa Mombasa aliyekuja Nairobi kijana akazeekea hapo hapo, mgane asiye na mtoto. Kwake kila neno gazetini lilikuwa na mwenyewe, yaani aliyelisema, na mwenyewe huyo hakutosha peke yake. Sharti wawe wawili. Ukimletea habari ya mtu mmoja, aliirudisha mezani kwako bila kukutazama.

Mwaka ule Kenya ilikuwa inatafuta mwimbaji wa kuiwakilisha kwenye shindano la Sauti za Mataifa huko Ulaya, na waandishi wetu walishikwa na wazimu. Mmoja aliandika kwamba tunashiriki kwa mara ya kwanza, mwingine akaandika ya tatu. Taib alifuta zote mbili. Taarifa za mwandalizi wa mchujo wa hapa nyumbani, Bwana Kibe, alizitupa kwenye pipa. "Muuza samaki hatakwambia samaki wake wanuka," alisema.

Huyo Kibe tulimwogopa sote, na sioni aibu kusema hivyo. Kulikuwa na fundi wa spika aitwaye Nzioka aliyewahi kusema redioni kwamba Kibe huwadhulumu wasanii. Vijana wa Kibe walimvunja mkono wa kulia. Kesi haikufika popote, na Nzioka hadi leo anakula kwa mkono wa kushoto.

Basi Ijumaa moja asubuhi Ciru, mwandishi wetu wa burudani, msichana wa Mountain View mwenye kiherehere cha kupendeza, alileta habari nzito. Mshindi wa Kenya alikuwa amechaguliwa kabla hata mtu hajafungua kinywa kuimba. Majaji walipewa jina na Kibe, kwa siri. Ciru aliandika kwamba hayo yamesemwa na "duru za kuaminika."

"Duru ndo nani?" Taib aliuliza. "Ana mama? Anakaa wapi?"

"Mzee, siwezi sema. Huyo mtu watammaliza."

"Basi na habari haipiti."

"Lakini ni ya ukweli! Nimeongea na yeye mwenyewe, na nimeona message majaji walitumiwa. Si hao ni mashahidi wawili?"

Walibishana mpaka chai yangu ikapoa nikiwasikiliza. Mwishowe Ciru alikubali kumwambia mhariri wake peke yake, mlango ukiwa umefungwa, kama desturi ya kazi inavyotaka. Mtoa habari alikuwa mmoja wa majaji wenyewe, mwalimu wa kwaya huko Uthiru, jina lake Ephantus. Taib aliridhika, ila lile neno "duru" bado lilimwasha. Msomaji naye ana haki ya kujua anasemeshwa na nani. Kwa hiyo Ciru alipotoka kwenda kula, Taib alilifuta akaandika: "mwalimu mmoja wa kwaya katika viunga vya magharibi."

Mimi ndiye niliyeupanga ukurasa huo. Nilimuuliza kama hapo hakuna hatari. Akanijibu kwamba huku bara makanisa ni mengi kama vioski, na kila kanisa lina mwalimu wa kwaya. Nani atamjua?

Jumamosi gazeti likatoka. Asubuhi hiyo simu ya ofisini ililia, Taib akaipokea mwenyewe. Sauti ya mwanamume ilimsalimia kwa upole na kumsifu kwa kazi nzuri. Kisha ikasema, "Majaji walikuwa saba, mzee. Mwalimu wa kwaya ni mmoja tu. Asante sana." Simu ikakatwa.

Nilimwona akibaki na kile chombo sikioni. Alikuwa amehesabu makanisa, hakuhesabu majaji. Mara alimpigia Ciru, na Ciru akaanza kulia palepale. Alikuwa amekutana na Ephantus hotelini mjini, kwake hapajui, na simu ya mwalimu ilikuwa imezimwa. Taib akapigia simu kituo cha polisi. Ofisa aliyepokea alimuuliza kama mtu huyo ameshapigwa. Bado, Taib alisema. "Basi akishapigwa, mlete aandikishe."

Alivaa kofia yake akatoka. Nilitaka kumfuata, akanikataza. Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe, kipande kipande, akisimama kila mara kunywa maji.

Uthiru hakuwahi kufika maishani mwake. Aliposhuka kwenye steji ya matatu, hofu ilimshika. Aliwaza kwamba wameshamtangulia, kwamba atakuta watu wamejaa mlangoni. Nyumba za huko hazina nambari, ila kuuliza si ujinga, na kuuliza ndiyo kazi aliyoijua. Alianza kwa mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi kando ya barabara.

"Mwalimu wa kwaya? Ephantus? Si huyo anakaa juu huko, ukipita posho mill. Geti ya kijani."

Angemshukuru akaenda zake. Lakini Taib ni Taib. Aliona geti la kijani si moja, na mtu mmoja hatoshi. Akavuka barabara hadi kwa fundi wa baiskeli, akauliza tena, kwa sauti, maana ile posho mill, kinu cha kusaga unga, ilikuwa ikinguruma. Fundi naye alijibu kwa sauti, akanyoosha mkono. "Ephantus wa kwaya! Hiyo geti ya kijani, iko na mparachichi ndani! Lakini leo hatoki, ako na watoto wa kanisa!"

Mashahidi walikuwa wawili, na maneno yao yalikubaliana. Kwa mara ya kwanza siku hiyo Taib alipumua. Alipanda ile barabara ya vumbi haraka kadiri pumzi yake ya uzee ilivyomruhusu, akawasikia watoto wakiimba kabla hajaliona geti. Sauti ya mwanamume mzima ilikuwa ikiwaongoza, imetulia kabisa. Nusura alie kwa furaha. Mwalimu alikuwa mzima, naye alikuwa amewahi.

Aligonga. Mwanamke aliyefunga kanga kiunoni, mikono ina povu la sabuni, alifungua. Alijitambulisha kwamba yeye ni Hannah, mkewe mwalimu.

"Mama, mimi natoka kwenye gazeti," Taib alisema, akihema. "Sina muda wa kueleza. Mwite mwalimu, mtoke hapa sasa hivi, mwende kwa jamaa yeyote aloko mbali. Kuna watu wamtafuta, watu wabaya, lakini kwake bado hawapajui."

Hannah alimsikiliza. Uso wake ulikuwa na wasiwasi, ila alikuwa mtu aliyelelewa asimwache mgeni akasimama nje. Akafuta mikono kwenye kanga na kulifungua geti wazi.

"Ingia kwanza ukae, mzee, unatetemeka. Nitamwita." Kisha akatazama juu ya bega la Taib, chini kule barabarani. "Na hao wenzako mbona wamebaki kwa gari? Nikianika nguo niliwaona wakikufuata polepole kutoka kwa posho mill. Waambie pia waingie, chai iko."

Taib hakugeuka. Ndani watoto walikuwa wameanza ubeti mwingine. Nyuma yake alisikia milango ya gari ikifunguliwa, wa kwanza, wa pili, halafu yote.