Dereva Aliyeomba Radhi, Sasa Hajui Aandike Nini

Elisabethville, 1962. Mama Kapinga, muuza maandazi wa Kenya, mtaa mmoja wa mji huu wa Katanga, anasema aliona kwa macho yake. Teksi ya jirani yake Symphorien ilikuja mbio, ikagonga kwa nyuma pikapu ya Mzee Djuma, muuza samaki, vioo vikamwagika barabarani.

"Kama haiko kosa yake, alipigia muzee magoti juu ya nini?" anauliza, akigeuza maandazi. "Muntu hapigake magoti bure."

Ni saa kumi na mbili asubuhi. Symphorien anafuta teksi yake polepole, akikwepa kona ya mbele iliyobonyea. Taa ya kuume haipo. Ameziba tundu kwa kitambaa.

Ana miaka thelathini na minne, mzaliwa wa Kasai, dereva kwa miaka tisa. Teksi hii inalisha watu saba.

"Mi nilikuwa nimesimama," anasema. "Muzee njo, ndiye yeye, alirudia nyuma. Hakuniona."

Magoti je?

"Ungefanya nini, we? Muzee anashuka, anaokota vioo. Kwetu Kasai, mutoto njo anaanzaka kuomba radhi."

Basi akapiga magoti, akapiga makofi taratibu kama Wakasai wanavyowaheshimu wakubwa, akasema: "Baba, unisamehe, ni mimi." Mzee Djuma akamwinua. "Ilishaisha, mutoto yangu." Watu wa sokoni wakasikia, wakaenda zao.

Jumapili Symphorien akafungua kijitabu cha bima, akakisoma kwa kidole. Ajali itangazwe ndani ya siku nane. Na dereva asikiri kosa mbele ya mtu yeyote.

"Ile ya pili nilishaivunja mbele ya soko nzima," anasema, anacheka, halafu hacheki tena.

Leo ni siku ya nane. Ofisi inafungwa saa sita mchana.

Alishaenda mara moja kuulizia. Karani akatazama gari dirishani, akasema labda lilibonyea kwenye mapigano ya Desemba iliyopita, na bima hailipi vita. "Nikamwambia, patron, vita ilipita upande wa kushoto. Hii ni ya kuume." Karani akampa fomu. Mpaka leo ni nyeupe.

Angenyamaza, lakini juzi Abibu, mtoto mkubwa wa Mzee Djuma, alisimama mbele ya teksi, akanakili namba ya karatasi ya bima iliyobandikwa kwenye kioo. "Hata yambo hakusema."

Abibu akitangulia kudai, ofisi itasema Symphorien alificha, na itamnyang'anya ile karatasi ya kioo. Bila karatasi hiyo gari halipiti kizuizi cha askari hata kimoja, na siku hizi vizuizi viko kila njia. Akitangaza ukweli, lazima aandike jina la mzee penye kosa, kwa jambo ambalo mzee alilimaliza mbele ya watu.

"Nikiandika ni yeye, niko mutoto mubaya. Nikiandika ni mimi, niko mubongo, nadanganya. Nisipoandika... sijui niko nini."

Kabla ya ajali alipata safari kumi na mbili kwa siku. Sasa ni tano, maana lazima arudi kabla ya giza. Anataka taa tu, aweze tena kupeleka wagonjwa hospitali usiku.

"Shofa!" Mama Kapinga anapaza sauti. "Leo utapigia nani magoti?"

"Wewe, Mama, ukinipa andazi."

Saa nne anamkuta Mzee Djuma sokoni, akifunga samaki wakavu waliotoka Pweto. Symphorien anainama, anapiga makofi. Fomu iko mfukoni, imekunjwa mara nne.

"Baba, yambo."

"Yambo, mutoto yangu. Bibi na batoto?"

"Bazima, Baba." Anaigusa fomu mfukoni. "Baba, nakuomba, tuende ku biro ya bima, mi na wewe. Saa sita bataifunga. Sisemi kosa ni ya nani. Wewe mwenyewe useme vile ilikuwa, njo tu."

Mzee Djuma anakaza kamba. Anachagua samaki wawili wakubwa, anawanusa, anamrudisha mmoja na kuchukua mkubwa zaidi. Anawafunga katika gazeti.

"Pelekea bibi," anasema.

Mkono umenyooshwa. Wanunuzi wanatazama. Zawadi ya mkubwa haikataliwi, na anayeipokea hadai tena neno; Symphorien anaipokea kwa mikono miwili, magoti yakikunjika yenyewe.

Kisha anabaki amesimama pale, samaki mkononi, fomu mfukoni bado nyeupe. Mzee Djuma ameshamgeukia mnunuzi mwingine.