Ndizi Zilizogeuka Mboga

Mimi ni mtu wa Bukoba. Sisemi hivyo kwa kujisifu, ingawa najua watu wa Mara watasema Mhaya hafungui mdomo bila kujisifu. Nasema ili ukaidi wangu ueleweke. Kwetu ukisema chakula, umesema ndizi. Wali ni wali, ugali ni wa shuleni, viazi ni vya kusindikizia. Mtu akila hivyo vyote bila ndizi analala akinung'unika kwamba hajala. Nilikuwa mama wa watoto wawili ndipo nikagundua kuna mahali neno hilo hilo, kwa Kiswahili hiki hiki, lina maana nyingine kabisa.

Mume wangu alikuwa mtu wa Butiama, fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba Bunda. Tulipanga Bunda, tukazaa, tukazoea vumbi la pamba mpaka kwenye chai. Kisha akaugua, haikuchukua muda, tukamzika kwao. Matanga yalipoisha mama mkwe aliniita ndani, akarudishia mlango. Hakuwa mkali.

"Mwanangu, ng'ombe zilitoka hapa zikaenda kwenu. Watoto ni wa mji huu, wa ukoo wetu. Leo sikunyang'anyi, bado wadogo, na wewe ndiye mama yao. Lakini nikisikia huko mjini mambo hayaendi, nakuja kuwachukua."

Nikasema ndiyo, mama. Ungesema nini?

Nikahamia Musoma, Makoko, karibu na mwalo wa kushushia samaki, maana penye wavuvi hapakosi mtu mwenye njaa. Nikapata kibanda cha mabati na mabenchi, na nje nikaegesha ubao wenye maandishi ya chaki: CHAKULA TAYARI. Halafu nikapika ndizi. Zilikuwa ndizi za Tarime, ambazo hazifiki za kwetu, lakini afadhali. Nilizimenya mwenyewe, nikazipanga na maharage kwenye sufuria moja, nikafunika kwa majani ya mgomba, nikaziacha ziive taratibu mpaka zikawa njano. Siku nyingine niliweka nyama. Harufu ile ilinirudisha nyumbani, nikadhani itawafurahisha na wengine.

Wateja walikuja, na hilo ndilo lililoniumiza kichwa. Walinawa mikono, wakakaa, nikawafunulia sufuria, wakaniangalia.

"Mama, chakula kiko wapi?" aliuliza mvuvi mmoja.

"Si hicho."

"Hii naiona. Nauliza chakula."

Nikaona ni dharau. Nikamwambia kama macho yake yana ukungu, ziwa liko pale, akaoshe. Akacheka, akaagiza chai, akatafuna ndizi mbili kama mtu anayekula vitumbua, kisha akaenda kula kwingine. Ikawa hivyo kila siku. Jioni sufuria imejaa, tunakula mimi na watoto, tunagawa, zinazobaki tunamwaga. Binti yangu akaanza kuniuliza bibi anakuja lini. Mimi kila nilipoona mama mtu mzima aliyejifunga kanga akishuka kutoka barabarani, niliwaita watoto waingie ndani. Nilijua nikishindwa hapa, watoto wanakwenda.

Jirani yangu alikuwa mama wa kutoka Mugango, mkaanga samaki, mwenye mdomo kunizidi, na hilo si jambo dogo. Siku moja alinikuta nagombana na mteja, akamngoja aondoke.

"Dada, unagombana nao nini?"

"Wanadharau chakula changu."

"Chakula gani? Wewe si unauza mboga tupu. Mtu anatoka ziwani na njaa yake, anasoma chakula, anajua kuna ugali. Anakuta ndizi. Sisi ndizi tunakulaga na chai. Kama huna ugali, futa hilo neno, andika ndizi, watu wajue."

Nilimkodolea macho. Kumbe muda wote ule watu walikuwa wanaulizia ugali kwa adabu zao, na mimi nasikia matusi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikakasirika upya, maana kufuta neno lile juu ya sufuria ya ndizi kwangu ilikuwa sawa na kumkana mama aliyenizaa. Sikulifuta. Lakini nilikuwa na watoto wa kulinda, basi nikamwomba anifundishe kusonga.

Ugali wa kule ni wa muhogo na mtama, mweusi, mgumu, unavutika. Wangu wa kwanza mteja aliutazama akauliza, "Mama, huu tunakunywa?" Wa pili ulijaa madonge. Jirani akanikalisha kwenye kigoda, akaniambia nibane sufuria kwa miguu. "Sukuma. Huu si uji wa mtoto. Sukuma kama kuna mtu amekuudhi." Hapo nikafaulu, maana walioniudhi walikuwa wengi.

Mabenchi yakajaa. Nikatoa ugali na sato, ugali na dagaa, na kwa ukaidi ule ule nikaendelea kupika ndizi kwenye sufuria ndogo. Siku moja yule mvuvi niliyemtuma akaoshe macho akasema, "Niwekee na ile mboga yako ya ndizi." Akakata tonge, akachotea ndizi na maharage, akameza. Chakula juu ya chakula. Kwetu wangeuliza kama umerogwa. Wengine wakamuiga, sufuria ndogo haikutosha tena. Nilifurahi, na nikaona aibu. Mama yangu alipopiga simu nilimwambia ndizi zinauzika sana, nikaishia hapo.

Mama mkwe alikuja mchana, bila taarifa, watu wamejaa. Mkononi alikuwa na mfuko mkubwa mtupu. Nilipouona tu nikajua ni wa nguo za watoto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Endelea, watu wanangoja."

Akakaa pembeni, akawa ananitazama nikisonga. Ugali ulikubali. Nikapiga goti nikamnawisha, nikamtengea na sato wa mchuzi. Akakata tonge, akalibonyeza, akala mpaka akamaliza. Watoto wakarudi kutoka shule wakamrukia. Akawashika mikono, akawabonyeza mashavu kama anayechagua ng'ombe mnadani.

"Nilikuja kuwachukua," akasema.

"Najua, mama. Lakini wanakula vizuri."

"Si njaa iliyonileta. Niliambiwa Makoko unapika ndizi tu. Nikasema huyu hajakaa, huyu anatafuta nauli. Siku moja nitaamka nisikie amevuka ziwa na wajukuu zangu, nisiwaone tena mpaka nakufa." Akautazama mwiko. "Nani amekufundisha?"

"Jirani. Mtu wa Mugango."

"Anayesonga hivi haendi tena popote." Akaukunja ule mfuko, akaubana kwapani. "Wabaki na wewe. Likizo waje kwangu."

Nilimshukuru nikiwa nimepiga magoti, mbele ya wateja. Nilipomsindikiza na kurudi, nilipita nyuma ya kibanda kana kwamba nafuata kuni, nikalia sana. Furaha ilikuwepo, lakini haikuwa furaha peke yake. Tangu siku ya mazishi nilikuwa na mpango ambao sikumwambia mtu: nikipata nguvu kidogo, nichukue watoto, nipitie Mwanza, nipande meli, nirudi kwetu. Yule mama alikuwa ameuona ndani ya sufuria yangu. Nilijaribu kuufikiria tena pale pale nyuma ya kibanda, meli, bandari ya Bukoba, mlango wa mama yangu, nikashindwa. Kila nilipofika bandarini, mawazo yaligeuka yakarudi kwenye unga wa kesho.